Mikebe Sitini na Mmoja

Mishumaa minne ilitoweka nyumbani kwa Mzee Were siku ya Alhamisi, na mkewe Selpher hakuhitaji mpelelezi. Alisimama mlangoni pa jikoni, mikono kiunoni, akapaza sauti kuelekea chumba cha nyuma.

"Baba Nasimiyu! Stima ikipotea leo, utawaka wewe?"

Kulikuja mlio mmoja mwembamba, kama kijiko kikigonga gilasi. Kisha tupa ikakwaruza chuma. Kisha mlio ule ule tena, safari hii juu kidogo.

Selpher akatega sikio. Mlio haukumshangaza, maana nyumba hiyo ilikuwa imezoea kelele za kila aina. Kilichomshangaza ni kwamba mumewe alikuwa ndani ya chumba hicho. Kilikuwa chumba cha kazi cha binti yao, na tangu binti huyo aanze kukijaza mikebe mitupu ya vitoa machozi, Mzee Were hakuwahi kukikanyaga. Alikipita kama mtu anavyoipita baa huku mchungaji anamwona.

Walikaa nyuma ya maduka ya Dagoretti Corner, vyumba vitatu vya mawe na ua mdogo wa saruji. Nasimiyu alikuwa na miaka thelathini na mitatu, na kazi yake haikuwa na jina moja. Wanawake wa kanisani walipomuuliza Selpher msichana wake anafanya nini siku hizi, alijibu, "Anashona, anachora, anaimba, na anagonga vyuma."

"Kwani ni fundi?"

"Ni fundi. Lakini ukimpelekea sufuria hataziba."

Kazi aliyokuwa nayo sasa, wimbo wa kupigwa kwa mikebe, ilianzia barabarani. Baada ya kila maandamano mjini, watu waliokota mikebe iliyofyatuliwa na askari wakamletea. Sharti lake lilikuwa moja tu. Aliyeuleta mkebe alipaswa kuuandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa kalamu nene ya wino mweusi: alikouokota, siku, na neno lolote alilotaka. "Moi Avenue, Alhamisi, nilipoteza kiatu." "Karibu na Kencom, mimi nilikuwa natoka kazini tu." Msichana mmoja aliandika, "Mama asijue." Mikebe sitini ilipatikana hivyo.

Wa sitini na moja uliletwa na mama mmoja aitwaye Kavutha, mpishi katika nyumba ya watu huko Kitisuru. Aliuleta umefungwa kwa kitambaa cheupe. Mwanawe Musembi ndiye aliyeuokota, akaenda nao nyumbani akicheka, akauandika: "Hii ilinikosa. Jumanne. Musembi." Chini yake akachora uso unaotoa ulimi. Wiki moja baadaye, katika maandamano mengine, risasi haikumkosa. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja.

Kavutha hakumpa Nasimiyu mkebe ule. Alimwazima. "Ukimaliza wimbo wako unirudishie," alimwambia. "Picha zake ninazo. Lakini picha ni kazi ya mtu mwingine aliyeshika simu. Hapa ni mkono wake."

Onyesho lilikuwa Jumamosi mchana, katika ukumbi mdogo wa ghorofani, Biashara Street. Hiyo Alhamisi Nasimiyu alikuwa ameshinda mjini akitundika vitambaa alivyovishona kwa nguo za waandamanaji. Mikebe aliiacha nyumbani, na mlango hakuufunga kwa kufuli, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuufungia.

*

Alirudi saa kumi, mabega yakimuuma, akamkuta baba yake amesimama katikati ya chumba cha nyuma. Alikuwa wima, visigino pamoja, kidevu juu. Mbele yake juu ya meza ndefu mikebe sitini na mmoja ilikuwa imepangwa safu tatu, na mwanga wa dirishani uliipiga ukaakisi ukutani. Iling'aa kama vikombe vya harusi.

"Papa, umefanya nini humu?"

"Subiri," Mzee Were akasema. "Sikiliza kwanza. Mayi wako pia aje. Selpher!"

Selpher alikuja na mwiko mkononi. Mzee akachukua vijiti viwili vilivyofungwa raba kichwani, akavuta pumzi, akaanza kupiga. Ulikuwa wimbo ambao Selpher huuimba akipika ugali, na ulitoka kwenye mikebe ile safi, nota baada ya nota, chini hadi juu na kurudi. Selpher aliuimba mstari wa pili bila kujijua. Mwiko wake ulikuwa ukienda na mapigo.

Nasimiyu akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Miezi mitano alikuwa akiigonga mikebe hiyo akitafuta sauti, na alichopata ni kelele. Alikuwa amekwisha kujiambia kwamba kelele zinatosha, kwamba hata maandamano ni kelele. Kumbe wimbo ulikuwa ndani yake, na aliyeutoa ni mtu ambaye tangu mwaka jana hajamuuliza swali hata moja juu ya kazi yake. Usiombe kuona furaha iliyompanda. Alicheka kwa sauti, akapiga makofi kama mtoto.

"Papa! Umejuaje?"

"Mimi nimekuwa bendi miaka thelathini na moja, unaniuliza nimejuaje." Mzee Were alistaafu kwenye bendi ya askari, mpiga tromboni, na kifua chake kilikuwa kimefura. "Nilipita tu hapa nje. Upepo ukasukuma mmoja, ukalia. Nikasema, hii ni nota ya 'so'. Nikaingia kuhakikisha. Basi. Uliokuwa chini nimeupiga tupa. Uliokuwa juu nimeumiminia nta kidogo."

"Mishumaa yangu," Selpher akasema.

"Mishumaa yako inaimba, mama. Na uchafu wote nimeutoa. Kwetu bendi mtu hasimami mbele ya watu na chombo kichafu. Nimetumia chupa mbili za dawa ya kung'arisha. Vidole vimekufa ganzi, lakini angalia! Unaweza kujinyoa ndevu hapo."

Hapo ndipo Nasimiyu alipoangalia.

Aliinuka polepole. Aliuchukua wa kwanza, akaugeuza. Akachukua wa pili. Wa tatu. Akaanza kuigeuza haraka haraka, mikebe ikigongana, na uso wake wa kucheka haukuwa umepata nafasi ya kubadilika, ukabaki hapo peke yake kama kofia iliyosahaulika kwenye kiti.

"Papa. Maandishi."

"Maandishi gani? Kulikuwa na wino wa watoto, umechorwa chorwa. Ulikuwa mgumu, ule! Nimeusugua…" Akaona macho ya binti yake, sauti ikapungua. "Nimeusugua mpaka ukatoka."

"Wa Musembi ni upi?"

Mzee Were hakujua Musembi ni nani. Lakini Selpher alijua, kwa sababu siku Kavutha alipouleta mkebe ule, yeye ndiye aliyemtilia chai. Mwiko ukamponyoka.

"Were!" Hakuwa amemwita mumewe hivyo, kavu kavu, tangu mwaka waliooana. "Umesugua mkono wa marehemu!"

*

Chai ilipoa mezani. Nasimiyu alikuwa amemweleza baba yake kila kitu, bila kupandisha sauti, na hilo lilimuumiza mzee kuliko kama angepigiwa kelele. Wale wengine sitini wangeweza kupigiwa simu waje waandike upya. Musembi hakuwa na simu ya kupigiwa.

"Uliupiga picha?" Selpher akauliza.

"Niliupiga. Yote niliipiga, kwa kumbukumbu."

"Basi kilio cha nini? Wewe si unachora? Mwaka ule ulichora noti ya shilingi mia, mwenye duka akataka kukurudishia chenji. Fuatisha hiyo picha. Herufi kwa herufi. Nani atajua?"

Nasimiyu alienda akaleta mkebe, simu na kalamu nene. Baada ya dakika tano walikuwa wameutambua mkebe wenyewe, kwa kidonda kidogo cha chuma ukingoni ambacho dawa haikuweza kukitoa. Akaisogeza simu karibu na taa. Mkono wake ulikuwa mtulivu. Alijua namna Musembi alivyoikunja miguu ya H, alijua alivyoiachia nukta baada ya Jumanne ikawa kama mkia. Aliigusisha ncha ya kalamu kwenye chuma.

Akaitoa.

"Siwezi, Mayi. Kavutha atakuwa anaushika kila Jumapili, kumbe anaushika mkono wangu."

"Hatajua."

"Mimi nitajua. Na yeye atanishukuru. Atanishukuru, unaelewa? Nitamwambia nini, karibu?"

Selpher alianza kukusanya vikombe ambavyo hakuna aliyevinywea. Mzee Were alikuwa ameketi huku mikono yake imelala mapajani, vidole vyeusi kwa dawa, akiitazama kama ya mtu aliyekaa jirani yake.

"Nitaenda mimi," akasema.

"Nitakuja nawe, Papa."

"Hapana. Ukija utanisaidia kusema."

Selpher akaacha vikombe. "Baba Nasimiyu, fikiria. Mtoto wake aliuawa kwa risasi ya askari. Wewe ni askari. Unaenda kumwambia nini huyo mama? Atakufungulia mbwa."

"Mbwa si wake, ni wa tajiri wake," Mzee Were akasema. Akainuka, akauweka mkebe ndani ya kile kitambaa cheupe, akakifunga pembe kwa pembe. "Na mimi sikuwa askari wa bunduki."

"Mwambie hivyo," Selpher akasema. "Mwambie tu hivyo, uone."

*

Ijumaa saa nne asubuhi Mzee Were alifika kwenye lango jeusi la Kitisuru, amevaa koti lake la kanisani. Barabara ilikuwa kimya, miti pande zote, na kila ua ulikuwa mrefu kuliko mtu. Bawabu alitoa kichwa kwenye kidirisha. Kwenye shati lake palishonwa jina, Nzioka.

"Mzee, wewe ni wa bomba?"

"Bomba gani?"

"Tunangoja fundi wa bomba. Kama si wewe, hapa huwezi simama. Kamera inakuona."

"Namtafuta Kavutha. Mpishi."

"Mama Musembi." Nzioka akamtazama upya, kuanzia viatu. "Unatoka wapi? Kitambulisho. Na hapo kwa mkono ni nini?"

Mzee Were akatoa pochi. Kwa mazoea, kadi ya kwanza kutoka ilikuwa ile ya uanachama wa askari wastaafu. Miaka mingi kadi hiyo ilikuwa imemfungulia milango: benki hakupanga foleni, hospitali aliitwa mzee. Nzioka aliisoma, akairudisha kwa ncha za vidole kama risiti yenye mafuta.

"Huyu mama hapokei askari."

"Naelewa. Nimekuja kumkosea, yaani, nimemkosea. Nimekuja kusema."

"Mlimaliza lini kumkosea mpaka mkapata nafasi ya kusema?" Nzioka akauliza. Hakuwa na hasira, alikuwa akitaka kujua. Kisha akaandika jina la mzee kwenye kitabu, akamwonyesha mahali pa kuwekea takataka. "Kaa hapo. Si hapo, hapo unaonekana. Hapo."

Mzee Were alikaa karibu na pipa la takataka kwa muda wa saa nzima. Fundi wa bomba alikuja, akafunguliwa lango, akaingia na pikipiki. Gari la mboga likaingia. Msichana aliyekuwa akitembeza mbwa wawili akamsalimia kwa huruma, akidhani ameshikwa na jua. Mzee aliuweka mkebe magotini na hakuufungua.

Kavutha alitoka kwa mlango mdogo wa kando, amevaa aproni, mikono ikinuka vitunguu. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini hivi, na alikitazama kile kitambaa cheupe kabla hajamtazama aliyekishika.

"Hicho ni changu."

"Ni chako, mama. Mimi ni baba yake Nasimiyu."

"Nasimiyu yuko mzima?"

"Mzima. Mimi ndiye…" Mzee Were alisimama wima, visigino pamoja, maana hakujua namna nyingine ya kusimama akiwa na hofu. "Mama, jana niliingia chumba cha msichana wangu bila kuuliza. Nikaisafisha mikebe yote kwa dawa. Ule wa mwanao pia. Maandishi yake nimeyafuta. Hayapo. Nasimiyu hana kosa, hakuwepo."

Kavutha alikifungua kitambaa. Aliugeuza mkebe mara moja, mara mbili. Uso wake ulionekana ndani ya chuma, umepinda. Ndani ya kidirisha, Nzioka alizima redio yake.

"Nzioka anasema wewe ni askari."

Mzee Were aliikumbuka sentensi aliyokuwa ameibeba kutoka nyumbani. Sikuwa askari wa bunduki. Ilikuwa tayari mdomoni. Aliitazama mikono ya mama yule juu ya chuma, akaimeza.

"Nilikuwa. Bendi, lakini nguo tulivaa moja. Mshahara ulitoka dirisha moja."

"Kwa hivyo hata hii mliamua kuitoa," Kavutha akasema. Hakupaza sauti. "Mlimtoa yeye, ikabaki hii, mkaona pia hii itoke. Unajua nilikuwa naifungua Jumapili? Nikitoka kanisa. Naifungua, nasoma, nacheka. Kila Jumapili nacheka, kwa sababu alikuwa mjinga sana, huyo mtoto. Yaani unatupiwa kitu cha kukuua, wewe unakichorea ulimi!" Na kweli akacheka kidogo, kisha kicheko kikamwacha. "Sasa nitasoma nini?"

Macho ya Mzee Were yalijaa.

"Usilie," Kavutha akamwambia. "Tafadhali. Nimechoka na watu wanakuja kulia mbele yangu, halafu mimi ndio nawapanguza."

Mzee akatazama juu kwenye miti, akapepesa macho, machozi yakarudi.

"Nimeenda kituoni mara kumi na moja," Kavutha akaendelea. "Nahesabu kwa sababu kila mara naomba ruhusa hapa. Wa kwanza aliniambia si zamu yake. Wa pili akasema faili iko kwa mkubwa. Mkubwa akasema hakuna askari alikuwa barabara hiyo. Mwingine akaniuliza, mama, una uhakika mtoto wako hakujipiga? Kumi na moja. Na wote wananiita mama, kwa upole kabisa. Hakuna hata mmoja amewahi kusema, ni mimi."

Nzioka alikuwa ametoka nje kabisa sasa, kamera au hakuna kamera.

"Wewe umetoka kwako," Kavutha akasema, "umekaa hapo na takataka saa nzima, unasema ni wewe. Kwa sababu ya wino." Alimtazama mzee kana kwamba anapima kitambaa. "Kesho kuna watu?"

"Watakuwepo."

"Basi kesho utasema tena. Mbele yao. Hivyo hivyo. Jina lako, kazi yako, jina la mtoto wangu, na ulichofanya. Ukisema, huu mkebe utaingia kwa wimbo. Usiposema, ninashuka nao ngazi."

Mzee Were aliwaza marafiki zake wastaafu ambao Selpher amewaalika. Aliwaza Omollo wa ngoma kubwa, ambaye tangu wastaafu hunywa naye chai kila Jumatatu, na ambaye husema vijana wa maandamano walijitakia.

"Mbele ya watu wote?"

"Kwani wangu aliuawa kwa siri?"

"Nitasema," Mzee Were akasema. "Mama, unisamehe."

"Hilo usiniulize," Kavutha akajibu, akiufunga mkebe kitambaani. "Hilo ni langu, sijui liko wapi. Nenda, chakula changu kinaungua."

*

Jumamosi tangu saa tatu asubuhi ngazi za Biashara Street zilijaa watu wenye kalamu. Nasimiyu alikuwa amewapigia simu mmoja mmoja, na akajiandaa kutukanwa. Badala yake walikuja wakicheka. Habari ya mzee wa bendi aliyesafisha vitoa machozi kama vijiko vya wageni ilikuwa imewafikia wote, na kila mmoja alitaka kumwona. Walikaa sakafuni wakaandika upya, na wengi hawakuandika walichoandika mwanzo. Aliyepoteza kiatu aliongeza: "Nilinunua vingine." Msichana wa "Mama asijue" alikuja na mama yake. Walibishana dakika kumi nani ashike kalamu, kisha mama akaandika, "Nilijua."

Selpher alifika na wanawake saba wa kanisa, vilemba vyeupe, vikapu vya mandazi. Waliketi safu ya pili na kuanza kumchunguza jamaa mmoja aliyekaa nyuma kabisa, peke yake, miwani myeusi ndani ya nyumba.

"Yule ni wa serikali," mmoja akanong'ona.

"Umejuaje?"

"Viatu. Mwangalie viatu. Nani anavaa hivyo Jumamosi?"

"Mpelekee mandazi," Selpher akasema. "Akijaza mdomo hataandika."

Kavutha alikuja saa nane kasoro, na Nzioka nyuma yake, ambaye alikuwa ameomba mwenzake amshikie lango. Alikaa safu ya tatu, kitambaa cheupe magotini. Nasimiyu alimwendea, akapiga goti moja ili macho yao yalingane. Hawakuzungumza sana. Kavutha alimshika kidevu, akamwambia, "Umekonda. Unakula?" Mkebe hakuutoa.

Onyesho likaanza. Vitambaa vilishuka kutoka darini vikiwa na nyuso alizozichora Nasimiyu kwa makaa, na yeye mwenyewe akapita chini yake akiimba bila ala, miguu mitupu. Mikebe sitini ilining'inia nyuma yake, na katikati palikuwa na ndoano moja tupu. Alipomaliza wimbo huo akakaa pembeni. Mzee Were akatoka nyuma ya pazia.

Alikuwa amevaa suruali ya sherehe ya bendi, ile yenye mstari mwekundu. Juu alivaa shati la kawaida tu. Omollo wa ngoma kubwa, aliyekaa safu ya mbele, alimwinulia kidole gumba.

"Mimi naitwa Were," mzee akaanza, akaivuta suruali juu. Akaanza tena. "Naitwa Were. Nilikuwa askari miaka thelathini na moja. Kulikuwa na kijana, Musembi wa Kavutha. Askari walimuua. Aliacha maandishi yake kwenye mkebe. Mimi niliyafuta. Dawa haikuyafuta, kitambaa hakikuyafuta. Ni mimi, na sikuuliza."

Kidole gumba cha Omollo kilishuka polepole. Jamaa wa miwani aliacha kutafuna.

"Sijasikia," Kavutha akasema kutoka safu ya tatu. "Rudia."

Watu wakageuka. Nasimiyu alitaka kuinuka, mama yake akamzuia kwa macho.

Mzee Were akasukuma mabega nyuma. Sauti aliyoitoa sasa ilikuwa ile ya uwanja wa gwaride, iliyotengenezwa kusikika katikati ya tarumbeta na farasi. Wenye maduka chini mtaani waliisikia, muuza vitambaa mmoja akatoka nje kutazama juu. Alirudia yote, jina lake, kazi yake, jina la kijana. Alipofika "Askari walimuua" vioo vya dirisha vililia. Alipofika "Ni mimi" akapumua, akayasema tena maneno hayo mawili, ingawa hakuwa ameombwa.

"Haya," Kavutha akasema. "Hapo nimesikia."

Akainuka. Alipita kati ya magoti ya watu, akifungua kitambaa huku anatembea, akautundika mkebe kwenye ndoano kwa mkono wake. Mtu mmoja akampa kalamu, akaikataa kwa kichwa. Akanyoosha kiganja mbele ya Mzee Were mpaka mzee akaelewa, akampa vijiti.

"Huu wa Musembi ni upi, kwa zile do re mi zenu?"

"Huo ni 'la', mama."

Kavutha akaupiga. Ulilia wazi, ukakaa hewani. Akausikiliza hadi mwisho, kichwa upande, kama mama anayengoja mtoto amalize kueleza alikokuwa. Akaupiga tena, kwa nguvu zaidi. Tena. Kisha akaanza kucheka, kile kicheko cha Jumapili, na mabega yakaingia katika mchezo, na wanawake wa kanisa, ambao hakuna mtu duniani amewahi kuwafundisha kukaa kimya mtu anapocheza, wakasimama na vigelegele.

Mzee Were akachukua vijiti vingine, akaingiza wimbo. Nasimiyu akaingiza sauti. Nzioka akaanza kuruka kwa namna ya kwao Ukambani, kofia ya ubawabu ikidunda kichwani. Omollo alikaa na mikono kifuani mpaka ubeti wa pili. Halafu, huku bado amekunja uso, akaanza kupiga ubao wa kiti.

Kavutha hakuwa na mapigo. Mara alitangulia, mara alichelewa, mara aliacha kabisa afute jasho, kisha akarudi palipompendeza. Katika bendi, mtu wa namna hiyo Mzee Were alikuwa akimtoa mstarini kabla ya ubeti kwisha. Omollo alimkonyeza: mrekebishe. Nasimiyu alimtazama baba yake, akisubiri.

Mzee Were aliacha kuhesabu. Aliyakaza macho kwenye mkono wa Kavutha, akangoja uinuke. Uliposhuka, akashuka nao.